Watu Kumi Kaburini kwa Baba

Katamonim, Jerusalem
Mwezi wa Eluli

Kaka yangu mpendwa Armand,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Montreal, wewe na wifi yangu Solange, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Sisi tu wazima. Magoti yangu yananisumbua kwenye ngazi, na joto la mwaka huu limekataa kuondoka. Shemeji yako Uri anakusalimu. Tangu astaafu anashinda kwenye roshani akigombana na nyanya zake alizozipanda kwenye makopo.

Najua umezoea nikupigie simu. Leo nimechagua karatasi, kwa sababu kwenye simu una mtindo wa kunikatiza, na haya nataka uyasome mpaka mwisho.

Tangu baridi iliyopita nasoma. Usicheke. Kila Jumatatu alasiri, kwenye ukumbi wa mtaa, kuna darasa la watu wazima la maandiko yetu: sheria, mabishano ya wahenga, mambo ambayo sisi wasichana wa zamani tulifungiwa mlango. Mwalimu wetu ni mwanamke, Elisheva Rotem, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, na ana sauti ya kunyamazisha soko. Tunakaa wawili wawili. Mmoja anasoma, mwingine anapinga. Ukikubaliana na mwenzako upesi, Mwalimu anakuja kusimama juu yako na kuuliza kama umelala.

Lakini sitakudanganya kwamba nilisukumwa na kiu ya elimu. Nilikuwa natoka kununua samaki nikamwona mzee mwenye fimbo akiingia ukumbini. Alikuwa Makhluf Ben-Shushan. Nilimtambua kwa namna alivyoinua kidevu, kama mtu anayengoja watu wasimame kwa heshima yake. Samaki wangu nusura waanguke. Kesho yake nikaenda kujiandikisha, kwa jina la mume wangu.

Wewe ulikuwa unaishi nyumbani wakati ule Baba alipoaibishwa, mimi nilikuwa Haifa, kwa hiyo niache nikwambie nilichokikuta mimi. Baba aliandika kwa mkono, kama sheria inavyotaka, mezuza za mtaa mzima. Hapakuwa na mwimo wa mlango Katamonim ambao haukubeba kipande cha ngozi chenye mwandiko wake. Makhluf, msimamizi wa sinagogi, akapanda jukwaani siku ya Sabato, mbele ya watu wote, akatangaza kwamba Masud Elharar anawauzia watu maandiko yaliyopigwa chapa kiwandani, na kwamba kila kilichotoka mkononi mwake kitolewe mlangoni. Nilipofika, watu walikuwa wameshashika bisibisi. Walizibandua mezuza wakaja kuziacha mlangoni kwetu kwenye mifuko ya plastiki, kama maganda ya viazi. Mama alikuwa anaiingiza ndani mifuko ile mmoja mmoja. Baba amekaa jikoni, mikono juu ya meza, hasemi kitu. Hakushika tena kalamu ya unyoya. Alimaliza maisha yake akilinda maegesho ya magari, na hata siku moja hakujitetea. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nilimwambia, “Baba, nenda ukawaambie ni uongo!” Akanijibu, “Zohara, mwanangu, chemsha chai.”

Basi nikajiweka karibu na Makhluf. Macho yake yameisha, anasoma kwa kioo cha kukuzia herufi, na hakuna aliyetaka kuwa mwenzake kwa sababu anafoka. Nikasema nitakaa naye mimi. Nikamletea maandazi yetu ya Kimoroko na chai ya nanaa. Akaniita “binti yangu.” Nilikuwa nikilisikia neno hilo natabasamu, na moyoni namwambia: ngoja.

Kabla ya mwezi huu wa toba nilimwomba Mwalimu atufundishe sheria za msamaha. Akakubali kwa furaha, maskini. Tukafika kwenye suala la mtu aliyemfedhehesha mwenzake hadharani, na yule mwenzake akafa kabla hajaombwa radhi. Sheria inasema mkosaji akusanye watu kumi, aende nao kaburini, asimame akiri kosa lake kwa sauti. Nikainua mkono nikauliza, na kama mkosaji ni mzee, amechoka, hawezi kupanda mlima wa makaburi? Pnina, yule muuguzi, akasema kwa huruma kwamba labda maombi ya nyumbani yatatosha. Makhluf akagonga meza kwa fimbo.

“Yatatosha nini?” akafoka. “Wakati wa kumvua mwenzake nguo mbele za watu alikuwa na nguvu, leo ndiyo kachoka? Kama miguu imegoma, abebwe! Abebwe kwenye kiti kama bibi harusi!”

Darasa zima likacheka. Gershon, aliyekuwa dereva wa basi, akasema yuko tayari kubeba. Hata mimi nilicheka, Armand. Kisha nikasimama.

“Basi tafuta kiti chako, Mzee Makhluf,” nikamwambia. “Mimi ni Zohara, binti wa Masud Elharar, mwandishi wa mezuza. Kaburi lake liko Givat Shaul. Hukumu umeitoa mwenyewe.”

Nilikuwa nimeingoja saa hiyo nusu ya umri wangu, na sikusikia huruma hata chembe. Kile kioo kilimtoka mkononi. Mwalimu akataka kuahirisha kipindi, nikamwambia hapana, hiki ndicho kipindi chenyewe. Mwishowe Makhluf akasema kwa sauti ndogo, “Sheria ni sheria. Nipelekeni.”

Tukaenda Jumatano asubuhi, darasa zima na mume wangu. Gershon alileta kiti cha magurudumu, mzee akakikataa. Alipanda kwa miguu yake, anapumzika kila kona, na mimi nyuma yake nikiomba asife kabla hajafika. Akasimama kwenye jiwe la Baba, akavua miwani, akasema, “Nimemkosea Mungu wa Israeli na nimemkosea Masud huyu. Nilimhukumu bila kumwita, nikamtangaza bila kumuuliza.” Alilia. Mimi nilisimama mikono kifuani.

Nikamwambia haitoshi. Nikamtaka aseme mbele ya wote ni nani aliyempelekea uongo ule.

Akasema, “Binti yangu, usinilazimishe.”

“Nakulazimisha.”

Ndipo akasema ni wewe.

Akasema ulikwenda nyumbani kwake Ijumaa moja na ngozi zilizopigwa chapa, ukamwambia, “Baba siku hizi anauza hizi, mzuieni kabla hajatuaibisha.” Nikamwita mwongo na mbwa, pale pale kaburini. Lakini yeye hakubisha. Akaendelea kusema kwamba baada ya ile Sabato Baba alimfuata na swali moja tu: nani kakwambia? Alipotajiwa jina lako, akaomba maji, akanywa, akasema, “Basi yaishe hapo.” Akaondoka.

Nikaketi chini, Armand, kwenye vumbi. Wewe ndiye uliyekuwa unapokea oda na kupeleka mezuza kwa wateja. Mkono wa Baba ulikuwa wa polepole, wewe ukawa na haraka. Ukazichanganya za kiwandani, na ulipoona utagunduliwa ukamtanguliza yeye abebe lawama. Kisha ukapanda ndege. Na Baba aliona heri atoe jina lake kuliko lako. Ule ukimya wa jikoni ulikuwa kwa ajili yako.

Makhluf nimemsamehe. Sikutaka, ila aliomba mara ya tatu kwa magoti na nikaona hasira yangu imeshahama pale alipo. Sabato hii atapanda jukwaani kusema yote, na majina yote, lako likiwemo. Nimemsisitiza alitamke vizuri.

Jambo la mwisho. Binti yako Orli amenipigia simu. Anasema mmeagiza gombo la Torati kwa kumbukumbu ya Baba, na kwamba wewe, kwa heshima yako kama msimamizi wa sinagogi lenu, ndiye utakayeandika herufi ya mwisho mbele ya umati. Mtoto alikuwa anafurahi mpaka analia. Nimemwambia nitakuja, na tiketi ninayo. Nitakaa mbele, upande wa wanawake. Watakapokukabidhi kalamu, ama utawaambia watu wako Masud Elharar alikuwa nani na wewe ulimfanyia nini, ama nitasimama niwaambie mimi. Baba alinyamaza kwa sababu alikupenda. Mimi pia nakupenda, lakini sitanyamaza.

Nisalimie wifi na watoto wote. Uri anasema nikuletee zeituni. Nitakuletea.

Uandikiwe mwaka mwema, wewe na nyumba yako.

Ni mimi dada yako,
Zohara