Mtende Uoze

Ijumaa. Joto la mwanzo wa mwezi wa sita. Maji ya mfereji yanatoka ya moto, unaweza kuyatia majani ya chai ukanywa.

Muscat hii, toka Darsait ninapokaa mpaka Hail penye kijishamba cha dada yangu, hakuna anayeijua miti kuliko mie. Sisemi kwa kujisifu. Nilipokuwa mdogo Unguja niliangua minazi arubaini kwa siku moja, na wa arubaini niliupanda na glasi ya maji kichwani, halikumwagika tone. Skuli niliishia kidato cha pili, lakini hiyo ni kwa sababu walimu walishabakiwa na machache ya kunifundisha.

Basi leo mtu huyo kafedheheka chini ya mtende mmoja.

Mtende wenyewe ni wa dada yangu Zuwena. Aliupanda mumewe, Mungu amrehemu, mwaka aliozaliwa binti yao Muna. Kila joto likianza alikuwa akimkatia dada tende za kwanza, na haonji mtu mwengine mpaka dada aonje. Alipofariki, dada akawa anatafuta mtu wa kuuhudumia. Mwaka huu nikamwambia hapana, mtu wa nje wa nini na mie nipo?

Mwezi wa pili dada alikuwa hospitali. Akanishika mkono, sauti imemkauka, akasema: "Nassor, mtende wangu uoze."

Kwa asiyejua nieleze. Mnazi hujizalia wenyewe, hauna haja na mtu. Mtende ni bibi harusi. Karara la jike, ile ala inayofunika maua, likipasuka, lazima mtu apande achomeke ndani yake vishungi vya maua ya mtende dume. Kwetu tunasema unauoza, kama baba anavyomuoza binti yake. Ukiukosa msimu wake, mwaka huo tende huna.

Mwezi uliopita dada karudishwa nyumbani. Daktari kasema apewe anachokitaka. Sihitaji kueleza maana ya maneno hayo.

Anachokitaka ni tende mbivu za mtende wa mumewe. Basi.

Leo baada ya alasiri Muna kamleta. Tukamweka kwenye kiti chini ya mndimu. Na wallahi kijishamba kilijipamba. Asumini zimefunguka ua zima jeupe, ndimu zimejaa, embe za mwanzo zimeanza kuanguka zenyewe. Muna akamfungia mamake kikuba cha asumini na majani ya rehani akambandika kifuani. Mie nikammenyea embe. Dada, ambaye wiki nzima hapitishi ila uji, akaifyonza mpaka maji yakamchuruzika kwenye kiwiko, akawa anayaramba kama mtoto. Nikasahau kama ni mgonjwa.

Kisha akainua macho juu ya mtende.

Makole ya tende yananing'inia, lakini kila kikonyo kina vitunda vitatu vitatu vimebanana, vya kijani, havina kokwa.

"Nassor," akasema, "hizi tende au pilipili manga?"

Muna akanigeukia. "Mjomba, si ulituambia umeshauoza?"

Nilisema, tena si mara moja. Nilisema hata kwenye karamu ya Idi, na mkono nikauinua kuonesha nilivyochomeka.

Hapo ulimi ukanitafutia mlango. "Dada, wewe mwenyewe ulisema mtende uoze. Mie nikadhani una uchungu wa marehemu, hutaki kuuona tena, unataka mti uoze, uharibike. Nikaona nisiuguse nisije kukuudhi."

Dada alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, Muna kamshika mgongo, na kikuba kikamdondoka mapajani.

"Ndugu yangu we! Mti wa mume wangu niuombee kuoza?" Akavuta pumzi. "Kuoza naoza mie, Nassor."

Kicheko kikaishia hapo.

Muna akataka kwenda sokoni Seeb, tende mbivu za kwanza zimeshaingia. Dada akamkatalia. "Za sokoni kapanda mume wa nani?" Akaomba aangushiwe kwa fimbo kikonyo kimoja cha zile zile. Akatafuna vitatu, taratibu, uso umemkunjamana kwa ukakasi, asiteme. Akameza.

"Mwakani usikosee," akaniambia.

Mwakani. Muna akajitia kuokota asumini zilizoanguka. Mie nikatazama ndimu.

Sasa wamekwenda zao. Nimekaa kwenye kiti chake naandika kwenye simu, na harufu ya asumini imezidi mpaka kichwa kinaniuma. Nilikusudia kuimaliza khabari hapa, neno moja na maana mbili, mcheke mwende zenu. Ni khadithi nzuri na mie hainiumizi.

Lakini nilimfahamu dada siku ile ile. Mtu gani wa Muscat asiyejua mtende huozwa?

Vishungi vya dume nilivinunua. Ngazi niliiazima kwa jirani. Hata mtende wenyewe hauna urefu wa kutisha, makole yake yanaanza usawa wa paa la kibanda. Nikasema bismillahi nikapanda. Mikono ikaing'ang'ania ngazi haitaki kuachia, macho nikayafumba. Nikashuka kwa tumbo kama mjusi. Vishungi nikavitupa nyuma ya tangi la maji, nikajikung'uta nguo, nikaenda hospitali nikamwambia dada: tayari, umeshaolewa. Akafurahi. Akaniombea dua.

Ngazi ile ina vidato tisa.

Niliishia kidato cha pili.