Makofi ya Malkia

Shoga, nimejifungia chooni hapa maabara. Roho inaniuma!

Yule mfanyakazi wetu mgeni, Malkia, kapigiwa makofi na bosi. Makofi! Mimi miaka sita kwenye darubini, hata asante sijaipata.

Eti kagundua chembe nyeupe za damu ya mtu mmoja zinazembea, zinawapita bakteria bila kuwameza. "Huyu anatumia antibiotiki, ndizo zinazozilegeza," akasema. Bosi: "Una jicho wewe!" Una jicho!

Shoga, damu ile ni yangu. Tulijitolea wafanyakazi wenyewe, chupa zina namba tu, na ile namba ni yangu. Na kwenye fomu niliandika situmii dawa yoyote, huku antibiotiki za jino zimo mkobani.

Nikisema, nimeumbuka. Nikinyamaza, anapata sifa kwa damu yangu.

Unajua nilifanyaje? Nilipiga makofi kuliko wote.