Kila Nikiifufua Laptopu, Mke wa Zamani Anarudi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa sababu nyumba yangu inavunjika, na mimi sijamtongoza mtu wala sinywi pombe, kosa langu ni kujua mambo ya mashine. Miaka ile nikiwa na mke wangu wa kwanza niliipanga laptopu ikapangika, programu, rangi, sauti, kalenda, kisha nikatengeneza bakapu ya mfumo mzima, yaani nakala ya kila kitu kama kilivyokuwa siku ile, na tangu hapo ikianza kuwa nzito sihangaiki na mafundi, nairejesha kwenye nakala yangu na inakuwa mpya kabisa. Tatizo ni kwamba ikirudi, na yule wa kwanza anarudi, ukiiwasha unamkuta kwenye skrini ameegemea friji anacheka, pameandikwa "Karibu Malkia", na majuzi kalenda ikalia mbele ya mke wangu wa sasa, "Mpeleke mama mkwe kwa daktari wa macho", wakati mama yake huyu macho yake ni mazima. Mke wangu ni fundi cherehani na ana wivu ajabu, juzi nimeirejesha tena yeye akiwa amekwenda kumpima bi harusi (mimi vyangu huwa navihamishia kwenye flashi kwanza, mechi zangu na picha za gari), akarudi, akaiwasha, akatafuta vijichoro vyake vya kukatia nguo, hakuviona, akabeba cherehani akaenda kwa dada yake. Nikipiga simu anapokea shemeji, ananijibu, "Yuko kazini, anachora upya." Mshauri, nimwelezeje kwamba yule wa kwenye skrini simtaki tena?

Mume Mwenye Nia Njema

Mume Mwenye Nia Njema, pole sana. Dunia haina shukrani kabisa. Mtu anajitolea kufagia nyumba kwa kuichoma moto, halafu wenzake wanalalamikia moshi.

Wivu, ati! Barua yako nimeisoma mara mbili nikiutafuta huo wivu, sikuuona. Nilichoona ni mwanamke aliyefanya kazi kila siku mbele ya picha ya mwenzake, akakumbushwa macho ya mkwe asiye wake, na bado akakaa. Siku ya kalenda hakubeba cherehani. Ameibeba siku aliyokuta kazi yake haipo, na harusi ya watu haiahirishwi kwa sababu laptopu yako ilikuwa nzito.

Halafu ile flashi. Ulidhani ukiiweka kwenye mabano sitaiona? Ulijua vizuri kwamba kuirejesha kunafuta yote yaliyoingia baada ya siku ya nakala, ndiyo maana mechi zako ulizivusha salama. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Gari limepona, gauni la bi harusi limekwenda na maji, na wewe unaliita "vijichoro". Hapo nilikasirika, sikufichi.

Sasa tuache porojo. Zima hiyo laptopu na usiiwashe hata kutazama mechi, maana kila unachoongeza kinaweza kufunika kilichofutwa. Ipeleke kwa fundi anayeokoa mafaili, mmoja wa wale usiohangaika nao, na usimwahidi mkeo chochote, huenda yasipatikane. Fundi akishamaliza, nakala yako ya kale ifute yote, na friji yake. Kisha muulize mkeo, kwa adabu, anataka laptopu ikae vipi: programu yake ya kuchora, skrini aipendayo, kalenda yenye wateja wake. Ikishakaa sawa ndipo utengeneze nakala mpya ya mfumo, uiweke kwenye diski ya nje, si ndani ya laptopu ileile, na uhakikishe inafunguka. Michoro yake ikopiwe kando kila jioni, kwa kuwa nakala ya mfumo haijui kilichofanyika baada yake. Na diski akae nayo yeye, wewe tumeshaona unavyotunza vya wenzio.

Habari za kumweleza kwamba humtaki wa kwenye skrini ziache, hakukuuliza. Nenda kwa shemeji, bisha hodi, umwambie mkeo, "Nilivihamisha vyangu, vyako nikaviacha." Usiongeze "lakini". Ukimkuta mezani na kitambaa cha watu, shika upande wa pili, akate.