Neno Nililolikata kwa Kalamu Nyekundu

Alhamisi. Baridi ya Julai imekaza na upepo haujatulia tangu asubuhi. Nimevaa masweta mawili, bado vidole vimekufa ganzi. Lakini lazima niandike, maana nimemkosea mtu na moyo umekataa kunyamaza.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Nilikuja hapa kutoka Mbeya, na watu wananiheshimu kwa kazi hii. Jirani zangu hapa Milanzi wakipata barua ya Kiingereza huniletea niwasomee.

Wiki mbili zilizopita niliwapa Kidato cha Tatu insha ya Kiingereza kuhusu siku wasiyoisahau. Yustina, binti mkimya anayekaa dawati la nyuma, aliandika juu ya mazishi ya bibi yake, aliyemlea kule Muze, kijijini bondeni. Alieleza wanawake walivyoimba kwa Kifipa mpaka sauti zikawakauka. Kisha akaandika kwamba gari lilipomaliza kupanda mlima kumrudisha mjini, upepo wa huku juu ulikuwa unaimba "threnody".

Sikulijua neno hilo.

Ningeweza kukiri. Ningeweza kufungua kamusi. Badala yake nililikata kwa kalamu nyekundu, nikaacha kusoma palepale, nikaenda kumsimamisha darasani. "Yustina, hiki ni Kiingereza cha wapi? Cha Muze?"

Darasa zima likaangua kicheko. Yeye aliinama tu. Tangu siku hiyo wenzake wakampachika jina: Threnodi. Nimewasikia wakimwita hivyo zaidi ya mara moja, nami nikapita kama sijasikia kitu.

Leo nilikuwa natunga mtihani. Nikaazima kamusi kubwa ya maktaba ili nihakikishe neno jingine kabisa, na jicho likaangukia lile neno la Yustina. Lipo. Maana yake ni wimbo wa kumwombolezea marehemu. Nikasoma maelezo yote, mara mbili. Kumbe waandishi hulitumia hata kwa sauti isiyo ya binadamu, kengele au mvua au upepo, pale inaposikika kama imefiwa.

Upepo! Alikuwa amelitumia sawasawa, tena mahali pake hasa.

Chai ilipoa mezani. Mwalimu mwenzangu akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni baridi.

Baada ya vipindi nilimwita Yustina ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Yustina, lile neno lako lipo. Mimi ndiye sikulijua. Nisamehe."

Aliangalia viatu vyake. "Nilijua lipo, mwalimu. Nililitafuta siku tatu maktaba. Nilianzia kwenye neno la msiba, nikawa nafuata moja hadi jingine. Nilitaka linalofanana na zile nyimbo." Akainua macho. "Nilidhani utafurahi."

Nilidhani utafurahi.

Nikamwambia kesho nitasimama mbele ya darasa niseme nilikosea. Nilitegemea angalau uso wake ulegee. Badala yake alishtuka.

"Hapana, mwalimu, naomba usiwaambie. Wameanza kusahau. Ukilitaja tu, wataanza upya."

Basi nikamwahidi sitasema, nikamwomba aniletee ile insha niisome mpaka mwisho, kwa kuwa sikuwahi kuufikia. Akasema alishaichana, siku ileile, kabla hajafika nyumbani. Aliniaga kwa adabu zote, akaufunga mlango taratibu ili upepo usiubamize.

Jioni hii nimesahihisha insha yake mpya. Sentensi fupifupi, maneno yale ya kila siku ambayo kila mtu anayajua. Hakuna hata kosa moja. Nimempa alama za juu kuliko wote, na mkono ulikuwa mzito. Ndivyo nilivyomfundisha: asiandike neno ambalo mwalimu wake halijui.

Kesho nina vipindi viwili na darasa lake. Nimemwahidi nitakaa kimya, na nilipoahidi nilihisi kifua kimepata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo inayonitesa sasa. Je, nitanyamaza kwa ajili ya Yustina, au kwa sababu sijawahi kuwa na ujasiri wa kusimama mbele ya watoto wale na kusema, "Sijui"?