Kiti cha Kaka Yako Kimepata Chaja Yake

Kisugu, Kampala,
Jumapili, 2 Machi 2025.

Mpendwa wifi yangu Atoo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani huko kwenye baridi? Goti limepunguza kukusumbua? Na huko kazini bado wanakupangia wazee wazito wa kuwainua, au wamekusikia? Sisi tu wazima, Mungu asifiwe. Mvua ya kwanza imenyesha, vumbi limelala, na mimi nimepona ile malaria ya Januari. Kaka yako ni mzima kutushinda wote, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Picha za harusi ya Docus umeshaziona kwenye simu. Lakini picha hazisemi yaliyotangulia, na mengine niliyaficha makusudi. Ndiyo maana naandika kwa mkono. Mkwe wetu Oyugi ana rafiki anayesafiri kuja huko, atakuletea bahasha hii pamoja na kopo la odii, zile karanga na simsim zilizosagwa pamoja vile unavyopenda.

Wifi, nilikudanganya. Ulipouliza Krismasi kama kile kiti cha magurudumu cha umeme ulichotutumia kinatembea vizuri, nilisema vizuri sana. Kilitembea siku moja tu.

Siku kilipofika, majirani walijaa uani. Kaka yako alizunguka kamba ya nguo mara tatu, akawapigia watu saluti, vigelegele vikalia mpaka barabarani. Betri zilipoanza kulegea nikaichukua chaja iliyokuwa ndani ya boksi, nikaichomeka ukutani. Sikusoma chochote, furaha ilinipofusha. Ikalia pah! Moshi ukatoka, nyumba nzima ikanuka plastiki iliyoungua. Baadaye Docus alisoma maandishi ya mgongoni: ilikuwa ya umeme wa huko kwenu, volti mia na kumi. Wa hapa ni mia mbili na arobaini. Nililia. Kaka yako akaniambia, "Usimwambie Atoo. Ataona alijisumbua bure." Tukanyamaza wote wawili.

Jirani yetu Okidi, fundi wa magari, moyo wake ni mzuri kuliko subira yake. Alituletea chaja ya gereji, ile ya kuamshia malori. Nusu saa haijaisha, betri zikawa moto kama sufuria, moja ikaanza kulia sss. Kaka yako akatoa sauti ambayo sijaisikia tangu astaafu polisi: "Zima! Zima sasa hivi!" Okidi aliuvuta waya kwa nguvu mpaka akaketi ndani ya beseni la nguo zangu.

Baada ya hapo kiti kikafunikwa shuka, na kaka yako akarudi kwenye kile cha zamani cha kusukumwa. Hakulalamika, unamjua. Lakini harusi ilipobaki wiki tatu, Docus alimwomba amfikishe altareni, naye akakataa.

"Nitakusubiri mbele," alimwambia. "Nikisukumwa, watu watamtazama anayesukuma."

Docus hakubishana. Alikwenda jikoni akamenya matoke, machozi yakidondokea maganda. Mimi nikaingia chumbani nikavaa viatu.

Nilianzia dukani Ntinda. Muuzaji mmoja mwenye tai akanitolea chaja kubwa kama redio za zamani. "Hii ina nguvu, madam. Saa moja tu, betri imejaa." Nikamuuliza kama inafaa betri zilizofungwa, zisizo na vifuniko vya kutilia maji. "Betri ni betri," akasema. Nikaikumbuka ile sss, nikamwachia chaja yake mezani.

Ndipo nikamkumbuka Uthman. Ni yule wa Arua aliyekuwa akitunza betri za redio za polisi enzi za kaka yako. Siku hizi ana kibanda cha betri Kawempe. Aliponiona aliinuka kwenye kigoda, akakipangusa kwa kofia yake ili nikae.

"Afande yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, amezimika pamoja na kiti chake," nikamjibu, nikamwonyesha picha ya betri kwenye simu.

Aliikuza, akaisoma pole pole, akatikisa kichwa. "Mama Docus, mlitaka kuua hii betri! Hii si ya gari. Ya gari inatoa nguvu moja kubwa, injini inawaka, basi, inapumzika. Hii ya kiti inatoa kidogo kidogo siku mzima, inashuka mpaka chini, halafu inataka kujazwa pole pole. Na imefungwa. Ya gari ikichemka unaongeza maji. Hii ikichemka, maji inatoka kama mvuke, na hakuna mahali ya kurudisha."

Nikaandika maneno yake nyuma ya kadi ya mwaliko, maana sikuwa na karatasi nyingine. Betri ni mbili za volti kumi na mbili, zimeunganishwa zikafuatana, kwa hiyo chaja iwe ya volti ishirini na nne. Ndani zina jeli, basi chaja iwe imeandikwa kwamba ni ya jeli, kwa sababu haivumilii kusukumwa kwa nguvu. Kwa ukubwa wa betri zetu, ampea tano zinatosha. Ile ya Ntinda ilikuwa na thelathini, wifi! Tena chaja iwe inajua kuacha: zikijaa ipunguze yenyewe, ibaki inazishikilia tu.

"Mtu ameshiba, wewe bado unamsukumia posho mdomoni?" akaniuliza. "Si utamuua?"

Alipanda kwenye meza akashusha boksi dogo lenye vumbi. Kabla ya kuuliza bei nikaligeuza nisome mgongo: volti mia moja hadi mia mbili na arobaini. Nikasoma tena na tena, kidole kikifuata kila tarakimu. Uthman akacheka mpaka akashika nguzo. Lakini hakunipa siku hiyo. Alisema hawezi kumpa mtu chaja ya betri zilizokufa, kwanza lazima azione.

Kesho yake alfajiri akaja Kisugu na kipimo chake na lile boksi. Akaondoa shuka. Kaka yako aliketi kando, mikono ameikunja kifuani, kama mtu asiyehusika. Uthman akapima betri ya kwanza, akaandika kiganjani. Akapima ya pili, akaandika tena.

"Toa ripoti, wewe!" kaka yako akamwambia.

"Zimelala sana, afande. Hazijakufa. Nani alisema ile chaja ya gereji izimwe?"

"Mimi."

"Basi ni wewe uliziokoa. Dakika kumi zaidi, ningekuja kuzika."

Wifi, ungeona uso wa kaka yako. Mikono ilikunjuka yenyewe.

Tukachomeka chaja saa moja asubuhi, taa nyekundu ikawaka. Kaka yako alizigusa betri kila baada ya dakika chache kama mtoto mwenye homa. Hazikupata moto. Saa sita umeme ukakatika mtaa mzima, sote tukaguna. Ukarudi saa nane. Saa kumi na moja jioni Docus akapiga kelele, "Kijani! Imekuwa kijani!" na Okidi akaruka ukuta kuja kuona.

Asubuhi iliyofuata nilitoka sokoni nikakuta nyumba tupu. Hamna kiti, hamna mume. Nilishuka barabara nikikimbia na kabichi mkononi. Nilimkuta kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, anabishana kuhusu mpira. Miaka minne tangu lori la kazi lipinduke naye, hakuwahi kwenda mahali bila mtu. "Nilikuwa karibu kurudi," akasema. Nilitaka kumgombeza, nikajikuta nacheka.

Kisha wakaanza mazoezi, yeye na Docus, uani. Kaka yako alikuwa na haraka. "Baba, punguza!" Docus alilia. "Mimi ni bibi harusi, si mwizi wa kuku!" Mwishowe walipatana: Docus ashike bega lake, akilibana, apunguze.

Basi Jumamosi ile, tarehe ishirini na mbili, kinanda kikalia. Mlango ukafunguliwa. Kaka yako, suti nyeusi, medali mbili kifuani, akasukuma kile kijiti cha kuongozea kwa kidole kimoja, na Docus kando yake. Watu walisimama. Alikwenda taratibu mpaka mbele, akamkabidhi Oyugi mkono wa bintiye, akasema kwa sauti ambayo hata wa mwisho aliisikia, "Huyu ni wangu. Sasa ni wetu." Padre mwenyewe alipiga makofi.

Usinikasirikie kwa uongo wangu wa Krismasi. Zawadi yako haikuwa ya bure. Tulichokosa ni kujua inavyotaka kulishwa.

Na jambo moja ambalo hakuna aliyelipiga picha. Miaka minne nimemsukuma kaka yako nikiona kisogo chake tu. Siku ile, kutoka kanisani mpaka uwanja tulikokula, nilitembea ubavuni mwake. Mkono wa kulia aliendeshea, wa kushoto akanipa mimi. Alikuwa akinieleza kitu kuhusu keki, sikukisikia. Nilikuwa namtazama usoni anavyoongea.

Nisalimie shemeji Saverio, mwambie shati alilomtumia kaka yako lilivaliwa asubuhi ya harusi na kumwagiwa chai kabla ya saa mbili. Mbusu Abwola, najua atasema amekuwa mkubwa, mbusu hivyo hivyo. Docus na Oyugi wanakukumbuka, Okidi na Uthman pia wanakusalimu bila kukujua. Mungu ailinde mikono yako inayowainua wazee wa watu, naye akuinulie wa kukushika siku utakapochoka.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Nakhisa, Mama Docus.