Udi wa Shemeji Mbaruku

Dunda, Bagamoyo
7 Julai 2024

Mpendwa Dada Shadya,

Shikamoo dada. U hali gani huko Uingereza na baridi yake? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo tu ndio umebanwa.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu siku hizi ni ya nyumba nzima. Mama mkwe Ashatu anataka spika iwe wazi kila nikiongea. Barua hii ataituma Habiba, binti wa jirani.

Tangu tumzike mume wangu Twalha niko eda: sitoki, sijipambi, sijitii manukato. Nasoma ile kamusi yake kubwa ya Kiingereza inayoeleza asili ya maneno. Kwa uchu nilionao, nikaanza na maneno ya harufu!

Kumbe "stink" zamani ilikuwa harufu yoyote, hata ya waridi, ndipo ikaharibika. "Scent" nayo asili yake ni kuhisi, kama sisi tunavyosikia harufu. Lakini ile "c" haina kazi, ilijipenyeza tu katikati na hakuna ajuaye kwa nini. Nilicheka peke yangu, nikamkumbuka shemeji Mbaruku, nduguye Twalha.

Kicheko kilinikauka nilipofika "perfume". Asili yake ni kupitisha moshi. Ni kufukiza, dada, kama kwetu! Na juzi Mama Ashatu kaniletea kifurushi cha udi, akasema, "Huu kaununua Mbaruku, mwanangu. Siku ukitoka eda tutakufukiza kwa huu, ubaki kuwa wetu."

Unajua mwenye eda haposwi. Basi hakuna aliyefungua mdomo. Udi ndio umeposa. Moshi ule ukiniingia nguoni, nimekubali. Nikiukataa mbele ya wanawake wote, nimemwaibisha mama aliyenitunza. Simtaki Mbaruku, dada. Simtaki kabisa.

Tafadhali mpigie mama yako, mama mkubwa Adila, huko Kaole. Anadhani nimeridhika. Mwombe aje siku hiyo na udi wake mwenyewe, anifukize yeye, kisha aondoke nami. Yeye ni mkubwa, hawatamkatalia.

Nisalimie Abdulazizi na Zaina. Mola awalinde ugenini.

Nilikuwa nazihesabu siku hadi kutoka, dada. Sasa kila nikiswali naomba eda isiishe.

Mdogo wako akupendaye, asiyenukia bado,
Raya