Baba, Paka Wako Tumemwamsha

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipoiweka nyundo chini ukatuachia karakana yenye makochi ya watu yasiyo na vitambaa. Usihofu, yamekwisha. Mwanao wa kiume aliyamaliza moja moja na wenyewe wameyachukua.

Tumechoka, Baba. Tulidhani msiba ni kulia, kumbe kazi yake kubwa ni kuchosha.

Wateja bado wanausimulia ukaguzi wako. Kochi likiisha hukulikalia wewe, ulimwachia paka, yule uliyemwita Mpangaji kwa kuwa alihamia kwetu bila hodi na kodi hajalipa mpaka leo. Akijikunja katikati akalala, kazi imepita. Akihamia ukingoni, ulifumua kiti kizima, mteja kasimama mlangoni na gari la kubebea linamsubiri. "Samahani bwana, mkaguzi kakataa," ulimwambia, wala hukucheka.

Ulimsoma Mpangaji alivyolala. Akilala chali, tumbo wazi, ulisema huyo ametuamini. Akifutika miguu chini ya kifua, huyo yuko safarini, wakati wowote anaondoka. Masharubu yakimtetemeka na kucha zikikwaruza hewa: "Mwacheni, yuko kazini huko aliko." Alipochagua kulala kwenye beseni la kunawia, sisi tulinawa nje bombani. Amri yako ilikuwa moja tu: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Mama alikuuliza, "Na mimi nikilala, atapika Mpangaji?" Mkacheka wenyewe.

Ulipoondoka, Mpangaji alihamia nyuma ya marobota ya sponji. Akalala huko kutwa, uso ukutani. Tukasema naye ana moyo, anaomboleza. Tukamtandikia shati lako la kazi, tukawa tunapita kwa kunyata.

Mama naye akawa vivyo hivyo. Mlango umerudishwa, shuka mpaka kichwani, jua la mchana liko nje. Tukasema mwacheni apumzike, kakuuguza muda mrefu. Tulijiona watoto wenye adabu kweli.

Mpangaji alipokonda mbavu zikaonekana, binti yako mkubwa alimtia kikapuni, tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari akamfungua kinywa, akatuonyesha jino lililooza na fizi iliyovimba.

"Paka kulala sana ni kawaida yake," alisema. "Ila akibadili pa kulala, akajificha, akaacha na kula, msikae mkimwangalia. Huyu akiumwa hapigi kelele. Analala tu."

Tukatazamana. Sote tulikuwa tunawaza chumba kimoja. Jino lilikwisha kung'olewa, na leo Mpangaji anakula na kulala chali kama zamani. Siku ile lakini tulirudi nyumbani hatukuvua hata viatu. Tuliufungua mlango wa Mama, tukafungua na dirisha.

Alikasirika, Baba, ungemsikia! "Mnaniamsha ili iweje? Aliyekuwa ananihitaji hayupo."

Kitindamimba wako akaketi ukingoni mwa kitanda. "Na sisi je, Mama?"

Mama akashusha miguu, akaanza kuzipapasa ndala zake.

Haikuishia hapo, tusikudanganye. Sasa anakwenda hospitali, anazungumza na daktari, anameza dawa. Kuna asubuhi tunamkuta amekwisha kuoga. Kuna asubuhi hataki, tunamwamsha, anatununia mpaka jioni, na sisi tunakwenda makazini macho mekundu. Wewe ungekuwapo ungemchokoza kidogo tu akacheka. Sisi hatujui uliwezaje. Tunakuhitaji sana, Baba, na tunajua huji.

Basi pumzika wewe. Amri yako tumeivunja, na ikibidi tutaivunja tena kesho.

Wanaokukumbuka ni mwanao uliyemfundisha ufundi, binti yako mkubwa na mumewe dereva, kitindamimba wako, wajukuu, ambao bado wanauliza Babu atarudi lini, majirani wote wa karakana, na mkeo, ambaye leo aliamka kabla yetu sote, akaketi mezani, akatuambia, "Andikeni kwamba nipo."

Hutatutoka moyoni, leo na siku zote.